Kuachishwa Kazi na Akiba ya Uzeeni katika Unyamwanga

Msangano ni kata ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wenyeji wake walio wengi ni Wanyamwanga, ambao mpaka uliopatanwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 uliwakata sehemu mbili, wengine wakawa upande wa Tanganyika na wengine upande wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Reli haipiti Msangano, wala barabara kuu. Hata hivyo nchi hii haikuwa mbali na kazi ya mshahara, maana kwa muda wa miaka mia moja na zaidi vijana wake wametoka kwenda kuitafuta, wengine machimboni, wengine mashambani, wengine katika reli na ofisi, na mara nyingi wamerudi kabla ya wakati walioukusudia.

Habari za wafanyakazi wa namna hii zimeandikwa sana kwa kutazama jinsi mtu alivyopata kazi. Makala haya yanatazama upande wa pili, yaani jinsi alivyoipoteza, na kitu gani kilichomzuia asianguke baada ya kuipoteza. Nakusudia kuonyesha kwamba ugomvi wa siku hizi juu ya mafao, ambao wengi wanaudhani kuwa ni jambo jipya, una mizizi mirefu. Kila mara kazi ilipopunguzwa, swali lililozuka kati ya kijana na mzee lilikuwa lile lile: ni nani ashike sehemu ya ujira ambayo bado haijaliwa?

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwa kuwa lugha imehifadhi mambo ambayo hati nyingi zimeyaacha. Kibarua, kama ijulikanavyo, ni barua ndogo, nayo yatokana na desturi ya pwani ya kumpa mtu wa kazi ya kutwa karatasi yake. Baadaye jina la karatasi likawa jina la mtu. Kipande kilikuwa kadi iliyohesabu siku 30 za kazi, na siku ambayo haikuandikwa haikulipwa. Manamba ni mtu aliyegeuzwa kuwa nambari. Katika maneno haya matatu hamna hata moja linalotaja kesho. Mtu anatajwa kwa siku yake, na siku ikiisha naye amekwisha. Kustaafu ni neno la tabaka nyingine. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Basi anayestaafu ndiye atendaye. Yeye huomba, naye hupewa. Lakini kupunguzwa, kuachishwa, kusimamishwa, na kufukuzwa ni vitenzi vya kutendwa vyote, na ni nadra kumsikia aliyepunguzwa akimtaja aliyempunguza. Mzee alistaafu, kijana alipunguzwa. Tofauti hii ya sarufi itatufuata katika habari yote inayokuja.

Kazi ya kwanza ya ujira iliyowatoa watu wengi ilisukumwa na kodi. Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha haikuwako katika ulezi wala katika ng'ombe isipokuwa kwa kuwauza. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 nchi ya mpakani, kutoka Mwenzo na Fife hata Tunduma, ilikuwa mahali pa mapigano, na wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, ambao katika nchi zile waliitwa tengatenga. Vita vilipokwisha, njia zilizofunguliwa kwa miguu ya wapagazi zikawa njia za kutafuta mshahara. Katika miaka ya 1920 dhahabu ilionekana Lupa, katika nchi ya Chunya, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu wa Nyanda za Juu za Kusini walifanya kazi huko. Lupa ilikuwa karibu, lakini haikuwa kazi ya kutumainiwa. Wachimbaji wengi wa Kizungu walikuwa watu wa mtaji mdogo, na mchanga ukikosa dhahabu mshahara nao hukosekana. Kwa hiyo aliyetaka ujira mkubwa zaidi alivuka mpaka na kushika njia ya kusini, kwenda Ukanda wa Shaba.

Hapo ndipo kulipotokea pigo la kwanza ambalo twaweza kulipima kwa hesabu. Migodi ya shaba ilijengwa kwa haraka mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1930 Waafrika walioajiriwa humo walizidi 30,000. Kisha bei ya shaba ikaanguka katika ule mdororo wa dunia nzima. Bwana Mkubwa ulifungwa, Nchanga na Mufulira zikasimamishwa, na ilipofika mwisho wa mwaka 1932 waliosalia kazini hawakufika 7,000. Watu zaidi ya 20,000 waliondoka katika muda wa miaka miwili. Hapakuwa na kiinua mgongo, wala notisi iliyostahili kuitwa notisi. Wengi walirudi vijijini, na njia ya kwenda kwa Wanyamwanga, kwa Wamambwe na kwa Wanyakyusa ilikuwa ile ile ya kaskazini waliyoijia.

Serikali ya Rhodesia ya Kaskazini na wenye migodi hawakuliona jambo hilo kuwa baya kabisa. Kwa muda mrefu baada ya hapo walijadiliana kama mfanyakazi Mwafrika aachwe akae mjini daima pamoja na mkewe na watoto, na hofu iliyowarudisha nyuma ilikuwa moja: akiwa mtu wa mjini, nani atamlisha siku akikosa kazi, na siku akizeeka? Ilikuwa rahisi kwao kusema kwamba ana kijiji chake. Kwa maneno mengine, kijiji ndicho kilichokuwa mfuko wa pensheni wa mgodi, na mchango wa mfuko huo ulilipwa na wanawake waliolima na wazee waliolinda ardhi. Mgodi haukuchanga kitu. Nasema hivi kwa kuwa katika maandiko mengi kurudi kijijini kumeitwa desturi ya Waafrika, kana kwamba kulizaliwa na mapenzi ya nyumbani peke yake.

Lakini ni lazima tukubali kwamba mpango ule ulishika. W. Watson, katika kitabu chake cha mwaka 1958 juu ya Wamambwe, walio majirani wa Wanyamwanga na wanaofanana nao kwa mambo mengi, alionyesha kwamba kazi ya mbali haikuwavunjia watu wale ujamaa wao; iliwatia nguvu, maana kila aliyekwenda alijua kwamba uaminifu wake kwa ndugu zake ndio utakaompa shamba atakaporudi. P. H. Gulliver, aliyechunguza safari za Wanyakyusa katika miaka hiyo hiyo ya 1950, alikuta kwamba wasafiri wengi walikuwa vijana. Nasi twaweza kufahamu sababu yake. Miongoni mwa Wanyamwanga ukoo hufuata upande wa baba, na mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee. Kijana aliyeleta fedha kutoka Luanshya au Kitwe aliileta kwa baba. Fedha iligeuka ng'ombe, ng'ombe wakageuka mke, na haki ya shamba ikathibitika. Mzee ndiye aliyekuwa mshika akiba, na kijana alimwekea kwake bila stakabadhi.

Si kwamba jambo hilo liliendelea bila manung'uniko. Kijana aliyeshinda chini ya ardhi aliweza kuuliza kwa nini jasho lake lipitie mkononi mwa mtu mwingine. Mzee naye aliweza kujibu kwamba mgodi umekwisha kufungwa mara moja, na waliokuwa wamekula ujira wao wote mjini walirudi mikono mitupu. Wote wawili walikuwa na haki. Pigo la 1932 lilimpa mzee hoja yenye nguvu, na hoja ile ilidumu kwa muda wa kizazi kizima.

Desturi hii ya kuzuia ujira kwa faida ya kesho haikubaki ukooni. Shirika la kuajiri watu wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambalo watu wa kwetu walilijua kwa jina la Wenela, liliitumia pia. Sehemu ya ujira wa mchimbaji ilizuiwa, naye akaipokea baada ya kumaliza kandarasi na kurudi kwao. Serikali ziliupenda mpango huo kwa kuwa fedha iliingia katika nchi na kodi ikapatikana. Wazee waliupenda kwa kuwa kijana hakuweza kuimaliza Johannesburg. Wale vijana wenyewe hawakuulizwa. Yafaa msomaji aukumbuke mpango huu, maana tutakutana nao tena kwa jina jingine. Baada ya Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, serikali mpya ilikataa kuendelea kuwapeleka watu wake katika nchi ya ubaguzi wa rangi, na mlango wa Wenela ukafungwa. Ulikuwa uamuzi wa heshima, na hapana mtu wa maana aliyeupinga kwa hoja ya haki. Ila kwa nyumba nyingi za kusini magharibi mwa Tanganyika ulikuwa pia mwisho wa mshahara. Kisha mwaka 1964 Zambia ikapata uhuru wake, na kama ilivyo kwa kila taifa jipya ikawaweka raia wake mbele katika kazi za migodi. Kwa Mnyamwanga mpaka wa mwaka 1890 sasa ukawa mpaka kwelikweli.

Mwaka huo huo wa 1964 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili ambazo ndizo chanzo cha hali tuliyo nayo. Moja iliweka masharti juu ya kumfukuza mtu kazi, hata mwajiri asiweze kumtoa mtu kwa neno la mdomo tu. Ya pili iliunda Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi. Mfanyakazi alikatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri akaongeza asilimia 5, na jumla yake pamoja na faida ilitolewa kwa mkupuo mmoja mtu alipofikia umri wa kuacha kazi. Tazama neno lililochaguliwa. Halikuwa pensheni, ambayo ni ahadi ya kumlisha mtu mwezi kwa mwezi hata afe. Lilikuwa akiba, yaani mali ya mtu mwenyewe iliyowekwa mahali. Serikali ilichukua kiti cha yule baba wa ukoo. Tofauti ni kwamba sasa palikuwa na karatasi.

Karatasi ile ilipata waamini wengi kwa sababu ya reli. Ujenzi wa reli ya Uhuru ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 TAZARA ilikabidhiwa kwa serikali mbili, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ikipita Mlowo, Vwawa na Tunduma. Kwa mara ya kwanza kijana wa Unyamwanga aliweza kupata kazi ya kudumu, yenye cheo, nyumba ya kazini na makato ya akiba, bila kuvuka mpaka. Wale walioingia katika reli wakiwa vijana katika miaka ile ndio waliokuwa wazee wa kazi katika miaka ya 1990, na bahati yao haikuwa ile waliyoahidiwa.

Mambo mawili yaliwapata. La kwanza halikuwa na kelele. Katika miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kwa mwaka, na faida ya Mfuko haikuweza kuikimbilia. Mtu aliyekatwa tangu mwaka 1965 alipokea hesabu iliyo sahihi mpaka senti ya mwisho, na hesabu hiyo haikutosha kununua mabati ya nyumba. La pili lilikuwa na kelele nyingi. Mwaka 1985 serikali iliwapunguza watumishi zaidi ya 12,000, na katika mageuzi ya miaka ya 1990 watumishi karibu 50,000 wakatolewa. Mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa, na reli nayo ikapunguza watu. Ndipo neno redandansi lilipoingia katika Kiswahili cha mitaani, nalo nimelipenda kwa ukweli wake, kwa kuwa halijifichi katika adabu. Mbele ya macho ya wote walikuwako pia wafanyakazi wa ile Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977, watu wa posta, wa reli na wa bandari, ambao walidai mafao yao kwa zaidi ya miaka 25, na wengi wao wakazikwa wakiwa bado wanadai.

Katika kupunguza watu kuna kanuni inayopendwa na vyama vya wafanyakazi, kwamba wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka. Kanuni hiyo yamlinda mzee, nayo ina haki yake, maana mtu wa miaka 50 hapati tena mlango wa kuingilia. Lakini maana yake ni kwamba kijana hubeba hatari yote ya kazi, na kwa hiyo akiba iliyofungiwa mpaka uzeeni kwake ni kitu cha mbali mno. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 imempa aliyepunguzwa ujira wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, usizidi miaka 10. Aliyetumikia miaka 2 hupata siku 14. Kwa fedha hiyo hawezi hata kungoja mavuno.

Mfuko wa 1964 uligeuzwa mwaka 1997 kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na kile kilichokuwa akiba kikawa pensheni. Kwa wazee yalikuwa mageuzi mema, kwani bei za vitu zilikuwa zimewafundisha ubaya wa mkupuo mmoja. Kwa vijana ilibaki njia moja ya kutokea: fao la kujitoa, ambalo mtu aliyeachishwa kazi aliweza kulichukua na kwenda zake. Mwaka 2012 sheria ililiondoa fao hilo, na wafanyakazi wakapiga kelele, wa migodini wakiwa mbele, na suala likarudi Bungeni. Wachimbaji kuwa mbele si jambo la kushangaza, kwa kuwa katika kazi zao kandarasi ni fupi na mwisho wake hujulikana tangu mwanzo. Hoja waliyoitoa ni ile ile ambayo babu zao wangeweza kuitoa juu ya ujira uliozuiwa na Wenela: fedha ni yangu, kazi imekwisha, nipeni. Hoja ya watu wa mifuko nayo ilikuwa ya yule mzee wa 1932: ukiila leo, utazeeka na nini? Mwaka 2018 sheria mpya zilileta fao la kukosa ajira, nalo ni theluthi moja ya mshahara kwa muda wa miezi 6, kwa aliyechangia miezi 18. Fao hili ni afadhali kuliko kunyimwa kabisa, ila mtu asidhani kwamba lilimaliza ugomvi. Kijana aliyekuwa akitaka mtaji alipewa posho.

Na mwaka huo huo zamu ya wazee ikafika. Mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa, na kanuni mpya zikasema kwamba mstaafu apewe asilimia 25 ya mafao yake kwa mkupuo, na iliyobaki alipwe kidogo kidogo kila mwezi, hali watumishi wengi walikuwa wamezoea kuhesabu nusu nzima. Kikokotoo, neno ambalo mpaka hapo lilikuwa la darasa la hesabu, likawa neno la kila kijiwe. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alizisimamisha kanuni hizo mpaka mwaka 2023. Mwaka 2022 ikatangazwa asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa kuwa 40 kwa wale waliokuwa wakipata nusu, na 35 kwa wale waliokuwa wakipata robo. Jambo la ajabu, na ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha, ni kwamba mzee na kijana hapo walijikuta wanadai kitu kimoja. Wote walitaka fedha yao mkononi. Mzee aliyehubiri akiba kwa miaka 80 alikuwa amejifunza, kwa Jumuiya iliyovunjika na kwa shilingi iliyonyauka, kwamba ahadi nayo huzeeka.

Si haki kusema kwamba pande zote mbili ziliumia sawa. Katika uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 waliondolewa Aprili 2017 kwa kukutwa na vyeti vya kughushi, na miongoni mwao walikuwamo waliotumikia miaka mingi. Michango yao wenyewe walianza kurudishiwa Novemba 2022. Waliokuwa na elimu ya darasa la saba tu walipoondolewa pia, serikali iliwarudisha kazini walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, na walioajiriwa baadaye wakaachwa nje. Kwa mara nyingine tarehe ya kuingia ilikuwa ngao.

Yote haya, hata hivyo, ni habari ya watu wenye karatasi: mwalimu, mganga, karani, mtu wa reli. Vijana wengi wa Msangano wanaokwenda Tunduma leo wamo katika kazi ya kutwa, wakipakia na kupakua malori ya mpakani, wakisukuma mikokoteni na kubadilisha fedha. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais wa nchi mbili, na kazi ya mpaka ikatazamiwa kuongezeka. Tarehe 11 Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Malori yakasimama, na kazi ya wapakizi ikasimama pamoja nayo. Hakuna aliyewaachisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewaajiri. Hakuna fao lililodaiwa, kwa kuwa hakuna lililokatwa. Mtu aliyejiajiri ana ruhusa ya kujiandikisha na kuchangia katika Mfuko kwa hiari, lakini hiari ya mtu asiyejua kama kesho kutakuwa na lori ni hiari nyembamba. Yeye ni kibarua kwa maana ile ya kwanza, ila hata ile barua ndogo hana.

Mtu huyo akikosa kazi, mbele yake ipo njia waliyoishika wale wa 1932, ya kurudi nyumbani na kuomba shamba. Shamba lenyewe si lile la zamani. Tangu miaka ya 1980 wafugaji wengi kutoka mikoa ya ziwa wameingia na ng'ombe wao katika mabonde ya Rukwa na Momba, wazaliwa wameongezeka, na ufuta, ambao ni zao la fedha, umewapa wazee sababu ya kulima wenyewe ardhi ambayo zamani wangeigawa. Kijana anayerudi kutoka Tunduma humkuta baba yake shambani, jembe mkononi, akingojea bei ya msimu.